Chai ya Rangi: Kisa cha Mgeni Mwothodoksi katika Ushirika Wetu wa Nsambya

Wiki nne za kwanza mgeni wetu alikunywa chai ya rangi. Wiki ya tano akapokea ya maziwa, akamaliza kikombe na kuongezewa. Wiki ya sita akakataa maziwa. Ya saba akayapokea. Ya nane na ya tisa akakataa tena, kwa sauti ileile ya upole: "Asante Mama, naomba ya rangi tu." Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza sababu. Mama mwenye nyumba, anayenunua maziwa hayo kwa pesa ya kufulia watu nguo, alikuwa ameshakata shauri moyoni kwamba huyu mtu anamdharau.

Nakisimulia kisa hiki kwa ruhusa ya Mama na ya mgeni mwenyewe, ambaye nitamwita Fundi kama sote tunavyomwita. Nimekifikiria sana tangu mwaka 2024, kwa sababu nadhani tulikosea mahali ambapo ushirika mwingi hukosea bila kujua, na tulikosea huku tukiimba nyimbo za upendo.

Sisi ni watu kumi na watano, siku nyingine ishirini. Tunakutana kila Jumatano jioni Nsambya, hapa Kampala, katika nyumba ya vyumba viwili isiyo mbali na kambi ya polisi. Wengi ni Wakongo wa Kivu, Wapentekoste wa tangu utoto. Wapo wajane wa askari, wapo Wakenya wawili watatu, na nipo mimi, katibu, Mwanglikana niliyelelewa kambini Jinja. Kinachotukutanisha ni Kiswahili. Asiyeishi Kampala huenda asione uzito wa jambo hilo. Hapa Kiswahili kilikaa masikioni mwa watu kama lugha ya mwenye bunduki na ya mwizi wa usiku, na Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakukipunguzia mzigo. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likataka kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo ukikizungumza kwenye teksi ya kwenda Kabalagala, bado kuna jirani atakayevuta mkoba wake karibu. Kwa hiyo nyumba ya Mama ni mahali ambapo mtu hufungua mdomo bila kutazamwa kwa jicho la shaka. Sisi ndio tuliopaswa kuwa wa mwisho kumtilia mtu shaka kwa namna anavyoomba.

Fundi ni mchomeleaji wa Katwe, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya. Alisikia nyimbo zetu akipita barabarani na sigiri mbili alizokuwa akipeleka kwa mteja, akazitua chini, akasimama mlangoni mpaka tukamwona. Jumatano iliyofuata, tarehe 31 Januari, akarudi akiwa amevaa shati safi.

Tulimpokea kwa utaratibu wetu. Mgeni husimama, hutaja jina, kisha mzee wetu, ambaye Wakongo humwita Papa nasi tumefuata, humuuliza: "Ndugu, umeokoka lini?" Fundi alifikiri kidogo, akasema, "Papa, nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga. Naendelea kuokolewa, Mungu akinisaidia." Akaketi. Palisikika "amina" moja tu, ya mtu aliyezoea kusema amina. Papa alinigeukia, akaninong'oneza niandike jina lake katika orodha ya watu wa kuombewa. Nikaliandika. Sikumwambia Fundi kwamba jina lake limo humo, na kwa wiki tisa tulimwombea aokoke huku yeye ameketi hatua mbili kutoka kwangu, akidhani tunamwombea kazi.

Swali lile la Papa ni jema, nami nililelewa nalo, kwa kuwa mama yangu alikuwa mlokole. Lakini lina kilima chake na mwaka wake. Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe hapa Kampala, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na kutoka hapo, pamoja na moto uliowaka Gahini kule Rwanda, ukaenea uamsho uliowapa watu wa Afrika Mashariki lugha ya kusema "mimi niliokoka tarehe fulani". Sasa, mwaka huohuo wa 1929, Mganda mwingine aliyelelewa katika Kanisa hilohilo la Kianglikana, Reuben Spartas Mukasa, alitangaza kwamba anaanzisha kanisa la Othodoksi kwa ajili ya Waafrika. Alikuwa amesoma habari za kanisa la namna hiyo katika gazeti la Marcus Garvey, Mjamaika mtetezi wa watu weusi. Mwaka 1932 yeye na mwenzake Obadiah Basajjakitalo wakapewa upadri na Daniel William Alexander, askofu kutoka Afrika Kusini, na mwaka 1946 Upatriarka wa Aleksandria, makao makuu ya Waothodoksi wa Afrika, ukawapokea. Ni mwaka mmoja, mji mmoja, kanisa mama moja, na kiu ya namna mbili. Nsibambi aliona kanisa limepoa, akatafuta toba. Spartas aliona kanisa limeshikwa na wageni, akatafuta mizizi ya kale ambayo hakuna mzungu wa Uingereza angedai ni yake. Ndani ya ushirika wetu tulikuwa tukisema Fundi ni "wa kanisa la Wagiriki". Hatukujua kwamba Uganda dini hiyo haikuletwa na mmisionari wa Kigiriki aliyeshuka melini. Mwafrika ndiye aliyeitafuta mwenyewe, kwa barua na kwa miguu.

Mimi nilijua kidogo. Nimepita chini ya kanisa lao kuu la Mtakatifu Nikolao, kilimani Namungoona, mara nyingi. Nilijua pia kwamba Baraza la Pamoja la Wakristo wa Uganda, lililoundwa mwaka 1963, lina Wakatoliki, Waanglikana na Waothodoksi meza moja. Nilinyamaza kwa kuwa sikutaka kumsahihisha Papa mbele ya watu. Adabu ile ilimgharimu Fundi, nami ndiye niliyeishika.

Lazima niseme pia kwa nini nchi hii ina haraka ya kumpanga mtu kidini. Mwaka 1892 Waganda waliuana Mengo, kundi moja likiitwa la Waingereza na jingine la Wafaransa, kumbe wote ni Wakristo, Waprotestanti na Wakatoliki. Siasa za kabla ya uhuru zikarithi mgawanyiko uleule, hata chama cha Democratic Party (DP), kilichoanza mwaka 1954, watu wakakipa jina la "Dini ya Papa", yaani Papa wa Roma. Mtoto wa Uganda hujifunza mapema kusikiliza jina la ubatizo la mwenzake na kujua aketi upande gani. Mwothodoksi hana upande katika hesabu hiyo. Hivyo akili huhangaika kumtafutia sanduku, na ikikosa humtia katika lile la wasiookoka.

Turudi kwenye chai. Kwaresima yao ilianza Jumatatu, tarehe 18 Machi. Wiki hiyo kijana wetu mmoja alikwenda Katwe kumpelekea Fundi lango la kuchomelewa, akamkuta nyuma ya karakana saa sita mchana, amepiga magoti na paji la uso limegusa sakafu, anainuka, anasujudu tena. Kufikia jioni habari zilikuwa zimefika Nsambya kwamba Fundi ni Mwislamu anayejificha. Mchungaji anayetutembelea, mtu mwema, alipanga ubatizo ziwani upande wa Ggaba baada ya Pasaka, na jina la kwanza katika orodha lilikuwa la Fundi. Mwenyewe hakuwa ameombwa.

Pasaka yetu ilikuwa tarehe 31 Machi. Tulikusanyika mchana baada ya ibada za makanisa yetu. Mchungaji alikuja na mkate na kikombe, tukashiriki tukipokezana kwa mzunguko. Kilipomfikia Fundi, aliinamisha kichwa, akampitishia jirani bila kuonja. Chumba kizima kilimwona. Kisha chakula kikaletwa. Mama alikuwa amechinja kuku wawili, kuna pilau ya nyama, matoke, dodo (mchicha wa hapa), na mchuzi wa karanga wenye samaki mkavu ndani, kama kwao na kwetu unavyopikwa. Fundi alichukua matoke na dodo. Mama akamwekea paja la kuku yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kama mtu anavyompakulia mwanawe. Fundi akasema, "Mama, unisamehe, siwezi."

Papa aliweka sahani chini. "Siku Bwana aliyofufuka, wewe unaomboleza?"

Fundi akajibu, na nina hakika hakutaka ubishi: "Papa, kwetu Bwana bado hajafika Yerusalemu."

Hapo watu wawili wakasema "shindwa!" kwa sauti. Fundi aliinuka, akamshukuru Mama kwa mikono miwili, akatoka. Paja la kuku lilibaki palepale mezani mpaka jioni, hakuna aliyetaka kuligusa.

Watu wa ushirika walieleza siku ile kama kesi ya mafundisho mabaya. Nilipoichunguza baadaye niliona ni kesi ya kalenda, na ya watu wote kukaa kimya. Kanuni ya Pasaka ni moja kwa wote tangu Mtaguso wa Nikea mwaka 325: Jumapili inayofuata mwezi mpevu, baada ya siku ile ya Machi ambapo usiku na mchana hulingana. Tofauti ni kalenda ya kuhesabia. Papa wa Roma, Gregori wa Kumi na Tatu, alisahihisha kalenda mwaka 1582. Waothodoksi wengi huhesabu Pasaka kwa ile ya zamani, ambayo sasa iko nyuma siku kumi na tatu, hivyo tarehe 21 Machi yao huangukia tarehe 3 Aprili yetu. Mwaka 2024 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 25 Machi. Kwetu mwezi huo ulitosha. Kwao ulikuja mapema mno, wakangoja unaofuata, na kwa majedwali yao ya kale ya mwezi, ambayo nayo huchelewa siku chache, Pasaka ikaangukia tarehe 5 Mei. Tulipokuwa tukila pilau, Fundi alikuwa katika Jumapili ya pili ya mfungo. Jibu lake kwa Papa lilikuwa la ukweli mtupu: safari ya kwenda Yerusalemu ilikuwa imebaki wiki nne, na Pasaka wiki tano.

Haya hakuyasema yeye, nasi hatukuyauliza. Hapa naona makosa yaligawanyika. Kwetu Waswahili, mgeni hahojiwi kuhusu anachokula, unampakulia tu. Kwake, Injili imemwamuru anayefunga apake mafuta na kunawa uso, watu wasijue. Alihisi kwamba kueleza mfungo wake kila Jumatano ni kujitangaza. Basi adabu yetu ikakutana na unyenyekevu wake, zote mbili njema, na katikati yao hapakupita neno. Hata hivyo sehemu kubwa ya lawama naiweka kwetu, kwa kuwa mwenyeji ndiye mwenye mlango. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulimpa saa ya kwanza, tena la kulimia shamba tulilokwisha kupima wenyewe: tulitaka atoe ushuhuda wenye tarehe, abatizwe, aseme kwa maneno yetu. Hatukuwahi kutazama mikononi mwake kuona kama alikuja na chochote.

Aliyekitoa kisa hiki matopeni ni Mama. Jumatatu asubuhi alinipigia simu. Nilidhani anataka Fundi aondolewe katika kikundi. Akasema, "Katibu, nenda kamuulize huyo mtoto anakula nini." Hakutaja mafundisho wala kukosewa heshima.

Nikaenda Katwe siku ya pili. Fundi alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, na badala ya kujieleza kwa mdomo akachukua chaki anayopimia vyuma, akaandika tarehe juu ya bati. Jumatano wanafunga kwa kukumbuka Bwana aliposalitiwa, Ijumaa kwa kukumbuka msalaba: bila nyama, bila samaki, bila mayai, bila maziwa. Nikamuuliza, je, ile tarehe 28 Februari, mbona ulikunywa ya maziwa? Akatabasamu mara ya kwanza tangu nifike. Kabla ya Kwaresima, akasema, kuna wiki moja ambayo hawafungi hata Jumatano, wiki inayofuata Jumapili ya Farisayo na mtoza ushuru. Farisayo alijisifu kwamba anafunga mara mbili kwa juma, basi Kanisa linawakataza kufunga wiki hiyo, ili wasifanane naye. Na tarehe 13 Machi? Hiyo ni wiki ya mwisho kabla ya mfungo: nyama imeshaondoka, maziwa na mayai bado yanaruhusiwa, hata Jumatano. Nilisimama mbele ya lile bati nikiona wiki tisa za chai ya Mama zimepangwa kama zaburi, kila kikombe na sababu yake.

Kuhusu mkate na kikombe alisema jambo ambalo nililiheshimu zaidi kadiri nilivyolifikiri. Kwao kushiriki meza ni tamko kwamba tuna imani moja na askofu mmoja, na kwa kuwa hatujafika huko, angekuwa anasema uongo mbele ya Mungu kwa kutufurahisha. Mimi naamini meza ya Bwana inaweza kutangulia makubaliano yetu, na nilimwambia hivyo. Hatukukubaliana, na hatujakubaliana hadi leo. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayekataa kikombe chako kwa sababu anakuona mchafu, na anayekiacha kwa sababu anakihofu.

Jumamosi Mama akapika mchuzi wa karanga usio na samaki, akaubeba mwenyewe kwenye boda mpaka chumbani kwa Fundi. Mimi nilikuwa nyuma na matoke. Ukutani, upande wa mashariki, kulikuwa na ikona ndogo ya Bikira Maria na Mtoto, na chini yake kitaa cha mafuta. Mama aliitazama muda mrefu. Akauliza waziwazi, kama anavyouliza kila kitu: "Unaiabudu?" Fundi akasema, "Hapana Mama. Naabudu Mungu. Hii naiheshimu kwa ajili yake aliyemo." Mama hakujibu. Tulipokuwa tukishuka kuelekea barabarani ndipo aliposema kwamba alipokimbia vita mwaka 2022 aliacha nyumba, mbuzi na cherehani, lakini picha ya marehemu mumewe aliivusha mpaka wa Bunagana akiwa ameifunga ndani ya kitenge, kifuani, na kwamba usiku huiambia mambo. "Na mimi siiabudu," akasema.

Ubatizo wa ziwani tuliufuta kwa upande wake. Mchungaji alipomuuliza alibatizwaje, Fundi akamweleza kwamba kwao mtoto huzamishwa majini mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mchungaji, ambaye maisha yake yote amefundisha maji mengi, alinyamaza, kisha akacheka kwa furaha ya kweli. Kati ya wanaume waliokuwa chumbani, mimi Mwanglikana niliyenyunyiziwa tu ndiye niliyekuwa na maji machache kuliko wote.

Utaratibu wa kumpokea mgeni nao umebadilika, ingawa si kwa azimio lolote. Papa haulizi tena swali lake siku ya kwanza. Mtu akija tunamuuliza anasali wapi na huko kwao wanasalije, halafu tunasikiliza. Mwisho wa mwezi Fundi hutusomea zaburi na sala kutoka kitabu chake, kwa utulivu, huku wengine tumezoea kuomba wote kwa pamoja kwa sauti. Kijana yule wa lango alipinga kwamba Roho hasomi kitabuni. Mama akamuuliza nyimbo anazoimba kila Jumatano akilia machozi amezitoa wapi.

Papa bado hajaridhika. Anasema ikona ni ikona, na kwamba kuwaombea waliokufa hakumo katika Biblia yake, na haya anayasema mbele ya Fundi, si nyuma yake. Namheshimu kwa hilo. Familia moja iliacha kuja na haijarudi. Nimewatembelea mara mbili, wakanipa soda, tukaongea habari za watoto.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei, mimi, Mama na dada mmoja tulipanda Namungoona. Taa zilizimwa, kisha mwali mmoja ukatoka madhabahuni, ukapita kutoka mshumaa hadi mshumaa mpaka umati wote ukawaka, na watu wakapaza sauti kwa Kiganda: "Kristo azuukidde!" Mama hajui Kiganda, lakini Fundi, aliyekuwa kando yake, alimwambia kwa Kiswahili, "Kristo amefufuka, Mama," naye akajibu bila kufundishwa, "Amefufuka kweli." Wiki tano kabla aliyasema hayohayo nyumbani kwake, Fundi akiwa bado njiani.

Jumatano ya tarehe 8 Mei Fundi alichelewa. Mama alikuwa ameshamtengea chai ya rangi kwenye chupa ndogo, peke yake, kama alivyofanya wiki zote zile. Fundi alipoingia aliitazama ile chupa, akaketi.

"Mama," akasema, "wiki hii hatufungi hata siku moja."

Mama akainuka kwenda kuchemsha maziwa.